Datsun ya Baba Mkubwa: Usiiwashe Krismasi Hii

*Mimi ni fundi wa injini za mitumbwi hapa kisiwani Goziba, wilaya ya Muleba. Nafunga Yamaha, za nguvu farasi 15 mpaka za 40, na kazi hii ndiyo inayotulisha. Baba mkubwa alifariki mwaka juzi akaacha Datsun 240Z nyumbani Kamachumu. Alirudi nayo kutoka Kampala miaka ya sabini, na tangu nipate akili sijawahi kuiona ikitembea. Mwaka jana niliitoa injini, nikaivusha kwa mtumbwi ili niifungue jioni baada ya kazi. Sasa imetapakaa chumbani: bloku chini ya dirisha, krenki chini ya kitanda, pistoni kwenye beseni. Silinda mbili zimeota kutu ambayo haikuwepo nilipofungua. Mke wangu amechoka, anasema tunalala na harufu ya petroli, na juzi mtoto amejikata kwa ringi. Kaka yangu wa Bukoba, mtoto wa marehemu, amepata mtu wa Nairobi anayetaka kuichukua kama ilivyo. Wengine wanataka iuzwe chuma chakavu. Krismasi ukoo wote tutakuwa Kamachumu. Nimewaza nipige msasa, nivishe ringi mpya, niifunge haraka niiwashe mbele yao wasikie inavyolia, labda wataniachia. Au niiuze tu niongeze mtaji ninunue injini ya 40? Silali vizuri. — Fundi wa Goziba*

Poleni kwa msiba, mwanangu. Umeuliza uiwashe au uiuze. Mimi nakuomba mwaka huu usifanye hata moja kati ya hayo mawili. Ihifadhi. Kuhifadhi ni kazi kamili, ina utaratibu wake na ina mwisho wake, na ukiimaliza ipasavyo hakuna mtu atakayekushika shati kwa sababu ya Krismasi.

Ushahidi uko ndani ya barua yako mwenyewe. Injini hiyo ilikaa Kamachumu zaidi ya miaka arobaini ikiwa imefungwa, na ulipoifungua ukakuta silinda safi. Imekaa Goziba mwaka mmoja ikiwa wazi, na mbili zimeshika kutu. Kwa hiyo uzee wake usikutie hofu. Kilichoidhuru ni kuachwa uchi. Ilipokuwa imefungwa, kuta za silinda zilikuwa na utando wa oili ya zamani, na hewa ilikuwa haizunguki. Siku ulipoinua hedi ndipo hesabu ya siku zake ilipoanza.

Hewa ya huko unaijua kuliko mimi. Usiku chuma kinapoa, asubuhi hewa yenye unyevu wa ziwa inakuja kukigusa, na maji yanatua juu yake kama jasho kabla hujaamka. Ukanda wa Bukoba unapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mikoa mingi ya Tanzania haikioni hata nusu. Watu husema ziwa letu ni maji baridi, halina chumvi, kwa hiyo halili chuma kama bahari. Ni kweli kwa maji yenyewe. Ila kama jirani yako anatengeneza kayabo, yaani samaki wa chumvi, chumvi ya sangara iko kwenye vumbi, iko kwenye mikono ya wanaokuja kukusalimia, iko kwenye mchanga wanaouingiza ndani kwa miguu. Alama ya kidole chenye chumvi kwenye jonali ya krenki huota kutu kwa umbo la kidole hichohicho. Nawa kabla ya kushika, kila mara.

Basi anza leo, usingoje Jumapili. Toa vyuma vyote nje, mbali na jiko na mbali na koroboi. Osha kwa mafuta ya taa na brashi, futa kwa kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi, acha vikauke juani mpaka viwe vya moto mkononi. Chuma cha moto hakina maji. Hapohapo, kabla hakijapoa, kipake oili. Na wewe una bahati ambayo fundi wa gari wa mjini hana, maana oili ya injini za boti yenye alama ya TC-W3 uliyo nayo kwenye rafu imetengenezwa kwa injini zinazoishi juu ya maji, na kuzuia kutu ni moja ya majaribio inayopaswa kufaulu kabla ya kupewa alama hiyo. Ipake kila mahali kwanza. Lakini ni nyepesi na itashuka, kwa hiyo sehemu zilizochongwa, yaani kuta za silinda, jonali za krenki, uso wa bloku na uso wa kemshafti, zifunike tena kwa grisi safi. Halafu funga vitambaa vilivyolowa oili, na juu yake karatasi ya nailoni iliyolegea. Usikaze nailoni moja kwa moja kwenye chuma, maana utafungia unyevu ndani. Vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na simu, omba kwa wenye maduka, vikaushe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo sana, uviweke ndani ya kila furushi.

Krenki itoke chini ya kitanda. Isimamishe wima kwenye kona, uifunge kwa kamba ukutani isimwangukie mtoto. Krenki ya silinda sita ni ndefu, na mafundi wa zamani hawakuilaza kwa miezi kwa kuogopa isije ikapinda. Bloku iwekwe juu ya mbao, isiguse sakafu wala mchanga. Konrodi kila moja na kifuniko chake, zifungwe pamoja kwa uzi wa nyavu na zipewe namba. Kifuniko cha konrodi ya tatu hakiingii kwenye ya nne, hata kama kinaonekana kinaingia. Vivyo hivyo vifuniko saba vya beringi kubwa, roka zote kumi na mbili, na vile vipande vidogo vinavyokaa juu ya valvu. Piga picha kwa simu kabla ya kufunga kila furushi.

Na kama bado hujaifungua hedi mpaka mwisho, simama hapo. Kemshafti ya injini hii inakaa kwenye minara mitano iliyofungwa juu ya hedi, nayo ililinganishwa kiwandani ikiwa mahali pake. Kitabu cha Nissan kinakataza kuilegeza, kwa sababu ukiirudisha hata kwa tofauti usiyoiona kwa macho, kemshafti inabana. Ukiweza kuizungusha kwa mkono sasa, basi iache minara ilivyo.

Nirudi kwenye hilo wazo lako la msasa na ringi mpya. Nimeliona likifanywa kwenye injini nyingi, na najua linakoishia. Usitie msasa kwenye silinda ambayo hujaipima. Ile kutu isugue polepole kwa nyuzi laini kabisa za chuma zilizolowa oili, kisha pitisha ukucha. Ukucha ukiteleza, ni doa tu. Ukucha ukikwama, ni shimo, na ringi mpya ikipita juu ya shimo inavuja moshi na kula oili tangu siku ya kwanza. Shimo dawa yake ni kuchonga silinda na kuvisha pistoni kubwa zaidi, au kuvisha silivu. Hakuna njia ya mkato.

Kuna jambo jingine ambalo fundi wa Yamaha lazima aambiwe waziwazi, kwa sababu mikono yake inaweza kumdanganya. Yamaha 40 uliyozoea ni ya mipigo miwili. Krenki yake inazunguka kwenye beringi za gololi na za sindano, na oili inazifikia ikiwa imechanganywa na petroli. Hata ikikaa kavu kidogo inavumilia. Hii ya Datsun, L24, ni ya mipigo minne, na krenki yake haigusi gololi hata moja. Inaelea ndani ya vikombe vyembamba juu ya utando wa oili unaosukumwa na pampu, katika nafasi ya sehemu chache za mia ya milimita. Ukiiwasha kavu mbele ya wajomba, utando huo haupo. Dakika ya kwanza italia vizuri kweli na watu watapiga makofi. Dakika ya tano itakuwa imenoki, na krenki hiyo hutaipata tena kirahisi.

Na ni krenki ya kuhurumiwa. Sijui kama pale nyumbani wanajua wamekalia nini. Datsun 240Z ndiyo iliyoshinda Safari Rally ya mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine ya Shekhar Mehta, kijana wa Kiasia mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia. Mwaka uliofuata, 1973, Mehta akashinda Safari kwa 240Z akiwa amelingana pointi na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa pia kwenye Datsun, na ikabidi waamuzi watumie kanuni ya kuvunja sare. Baadaye aliishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Gari lile la 1971 wafanyakazi wa Nissan wenyewe walikuja kulifufua huko Japani mwaka 2013. Gari la baba mkubwa halikushiriki mashindano, na thamani yake haitokani na hilo. Limetoka Kampala wakati uleule, barabara zilezile, na injini yake ni ya familia ileile: silinda sita kwa mstari, sentimita za ujazo 2,393, kipenyo cha silinda milimita 83. Halafu ikaja vita ya Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, ikaja miaka ya kukosa hata sabuni, sembuse gasketi ya Datsun. Mzee wako alilifungia gari lake akalihifadhi, na wewe umeshika alichokihifadhi. Nakuambia haya nikijua yanaongeza uzito mabegani mwako, lakini nadhani uzito huo unakustahili.

Kazi ya kuchonga haifanyiki Goziba, na sidhani unapaswa kuifanya mahali popote pa karibu kwa sababu tu ni pa karibu. Bloku, krenki na pistoni zipelekwe Mwanza kwenye karakana ya kuchonga injini yenye vipimo vya ndani vya silinda, siyo yenye mashine tu. Waambie wapime kila silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili, na wakuandikie. Kama karatasi hawaandiki, ondoka na bloku yako. Wakisawazisha uso wa juu, wasiguse namba ya injini, iliyopigwa kwenye bloku upande wa plagi, nyuma, chini kidogo ya hedi. Namba hiyo inapaswa kufanana na iliyo kwenye kibati ndani ya boneti kule Kamachumu. Bloku yenye namba inayolingana na gari lake ni mali. Iliyofutwa namba ni chuma.

Kuhusu spea, usikate tamaa mapema. Pistoni za milimita 83 na oversaizi zake utaagiza nje, sina njia ya kulizunguka hilo. Lakini beringi za krenki na za konrodi za L24 ni saizi moja na za L28, na L28 iliwekwa kwenye Nissan Patrol za petroli za mwanzoni mwa miaka ya themanini. Patrol hizo ziliingia Tanzania kwa serikali, kwa misheni na kwa mashirika, na hata leo ukiulizia kwa wauza spea wa zamani Mwanza na Kampala utasikia majina ya watu wanaozijua. Nenda na kipimo mkononi, usiende na jina la gari, maana ukitaja Datsun ya michezo bei inapanda.

Safari ya kuvuka iwe moja tu. Kila kuvuka ni hatari ya maji, ya kudondosha na ya mvua. Ngoja siku tulivu, bloku ikae chini kabisa tumboni mwa mtumbwi, si juu ya magunia ya dagaa, mashimo yake yote yakiwa yamezibwa kwa vitambaa vya oili. Vaa jaketi okozi. Hii siyo nyongeza ya mwisho wa sentensi, nimeiandika kwa makusudi. Mzigo mzito uliofungwa vibaya unapinduka na waliomo.

Sasa kuhusu mama wa mtoto. Ana haki, na nakuomba umwambie hivyo kwa mdomo wako kabla hajasoma hapa. Petroli haipaswi kulala chumba kimoja na watu, wala na jiko la mkaa, wala na taa ya moto. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kwenda kutafuta cheche, na sakafuni ndiko mtoto anakocheza. Leo hiihii petroli yote itoke. Injini nayo itoke ikishapakwa: omba kona kwenye stoo ya tajiri unayemhudumia, yenye bati zima na sakafu ya saruji, umlipe kwa kumtengenezea mashine yake moja. Kisha mpe mkeo tarehe ya kutoa kila kitu na uifuate. Nina hakika hagombani na Datsun. Anagombana na jambo lisilo na mwisho, linaloendelea mbele yake kila jioni.

Kuhusu kaka yako na ukoo, hapa nitakuwa mkali kidogo. Barua yako haisemi popote kwamba gari ni lako. Baba mkubwa ameacha watoto. Wewe ndiye fundi, ndiye mwenye mapenzi, na huenda ndiye anayestahili, lakini hakuna kati ya hayo kinachokufanya mmiliki. Je, yuko msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Kama hayupo, kaka yako hana mamlaka ya kumuuzia mtu wa Nairobi, na wewe huna mamlaka ya kuchonga bloku. Mahakama ndiyo inayoteua, kwa kawaida baada ya kikao cha ukoo kupendekeza jina, na kadi ya gari haiwezi kubadilishwa TRA kihalali bila msimamizi huyo. Krismasi mnakutana wote. Hicho ndicho kikao, na suala hilo la mirathi ndilo la kuwasha mbele yao.

Kwa hiyo usipande Kamachumu na kelele ya injini. Panda na faili. Ndani yake ziwepo picha za kila kipande kikiwa safi na kimefungwa, namba ya injini na picha ya kibati cha kwenye boneti, makadirio ya karakana ya Mwanza kwa maandishi, na bei za pistoni. Waonyeshe njia tatu: kuuza sasa kwa bei ya mtu wa Nairobi; kukuachia wewe kwa fidia mtakayokubaliana; au kuiacha imehifadhiwa, mali ya wote, mpaka mmoja wenu awe na uwezo. Njia hiyo ya tatu haikuwepo mpaka ulipopaka grisi. Na ndiyo inayomnyima mnunuzi silaha yake kubwa, ya kusema harakisheni inaoza.

Huyo wa Nairobi simdharau. Nairobi kuna watu wanaoyapenda magari haya kweli. Kuna mashindano ya magari maridadi ya Concours d'Elegance yaliyoanza mwaka 1970, na kuna Safari Classic ya magari ya zamani iliyoanza 2003, ambamo 240Z zimeshiriki. Anaweza kuwa mmoja wao. Mwombe tu aseme atailipia kiasi gani ikiwa na namba zinazolingana na vipimo vilivyoandikwa, kisha mlinganishe na alichosema kwanza.

Mtaji wa injini ya 40 usiuguse. Hapo simung'unyi maneno. Yamaha inakulipia ada na unga, Datsun haitakulipia, pengine kamwe. Tenga kiasi kidogo kila mwezi wa dagaa nyingi, kiandikwe kwenye daftari lake, na mwezi ambao dagaa hazikutoka Datsun nayo isipate kitu. Ikichukua miaka sita, vyuma vilivyopakwa vizuri vitangoja, bora tu ufungue mafurushi kila baada ya miezi mitatu, ufute, upake upya.

Siku utakapoifunga, tutazungumza tena, lakini mawili uyajue mapema. Jaza pampu ya oili kwa oili kabla ya kuifunga, kisha zungusha injini kwa stata plagi zikiwa nje mpaka geji ionyeshe presha, ndipo urudishe plagi. Na ikishawaka na kutulia, usiwe mtu wa kuiwasha dakika tano kila Jumamosi kufurahisha wageni. Injini isiyofikia joto lake inaacha maji na petroli kwenye oili, na kutu inarudi kwa mlango wa ndani. Itembeze mpaka ipate joto lake vizuri kwa safari ya kweli, au usiiwashe kabisa.

Fanya usafi wiki hii, kabla mvua hazijakolea. Ukishapata vipimo vya Mwanza niandikie vyote: silinda sita, kila moja juu, kati na chini, pamoja na jonali za krenki. Nitakujibu kama ni pistoni za oversaizi au ni silivu, na kama zile mbili zenye kutu zinaweza kuokolewa peke yake au itabidi zichongwe zote sita. Msalimie sana mkwe wangu, na jeraha la mtoto likaguliwe zahanati kama bado halijapona.